Neno Nililolijua kwa Viganja

Juzi Alhamisi jirani yangu hapa Kibiti alikuwa anamwoza binti yake, na tangu asubuhi harufu ya hina iliyokandwa kwa ndimu na chai ya rangi ilikuwa inavuka ukuta na kuingia dukani kwangu. Nina duka dogo la steshenari: napiga chapa barua, natoa kopi, naweka plastiki kwenye vyeti vya watu. Mteja aliyekuwa mbele yangu akavuta pumzi, akasema hiyo ndiyo harufu ya heri. Nikamwitikia. Lakini mimi harufu ya hina siivumilii tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na sababu yake sijapata kumwambia mtu. Wewe nitakwambia, maana hunijui na hatutakutana sokoni.

Nimezaliwa Maparoni, huko delta. Nyumba yetu ilikuwa upande mmoja wa mkono wa mto na shule ilikuwa ng'ambo, na katikati palikuwa na mtumbwi mmoja wa kuvushia watoto. Maji yakijaa tulivuka tukiimba. Yakipwa, mtumbwi ulikwama, tukashuka na kusukuma, na tope la kwetu halina haraka na mtu: linakushika goti kama shangazi anayetaka kwanza habari za nyumbani. Kwa hiyo siku nyingi tulifika shule mstari umeshavunjwa. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa bara, na hakuamini hata kidogo kwamba maji yana ratiba yake. Alitusimamisha getini, kila mmoja akatakiwa aseme, "I am late, teacher." Ukishasema unanyoosha viganja, fimbo mbili hapa na mbili hapa. Sisi wa ng'ambo tulilijua neno "late" kabla hatujajua meza na kiti vinaitwaje.

Pamoja na fimbo hizo nilikipenda Kiingereza. Nilisoma kila kilichoandikwa, mifuko ya sukari, makopo ya dawa ya mbu, fulana za mitumba vifuani mwa wavuvi. Nilisoma kwa sauti, watu wasikie. Na hapo ndipo nilipopata jina.

Bibi yangu alikuwa na kikohozi, akapewa chupa ya dawa ya maji yenye maandishi ya Kiingereza. Akaniita nimsomee masharti. Ilikuwa imeandikwa "Shake well before use." Wiki ile ile mwalimu alikuwa amechora ubaoni kisima na ndoo yake, akaandika chini "well". Basi nikamtafsiria bibi bila kusita: tikisa kisima kabla ya kutumia. Bibi aliheshimu sana mambo ya hospitali. Akafikiri, akaona kisima hakitikisiki, na kwamba labda wanachotaka ni mtu aitikise dawa pale kisimani. Akachukua chupa na mkongojo wake, akaenda, akasimama ukingoni mbele ya wanawake waliokuwa wanachota maji, akasema bismillahi na kuitikisa mara tatu. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinashika mbavu. Nikaitwa Tikisa Kisima, karibu mwaka mzima. Niliitwa hivyo mtumbwini na uwanjani, na hata chuoni, kwenye Kurani, maalim mwenyewe jina lilimponyoka siku moja aliponiita nisome, akajikohoza kuficha kicheko. Unaweza kucheka, mimi mwenyewe leo nacheka. Lakini wakati ule nilijiapiza kwamba watu hawatanicheka tena kwa sababu ya Kiingereza.

Mamdogo Hadija, mdogo wake mama, hakuniita jina lile hata mara moja. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto, mimi nilikuwa wa nyumba zote mbili. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono myepesi, akitwanga utasikia wimbo kabla ya mchi. Mume wake, Seif Mbwana, alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo ya kigeni. Aliondoka miezi mingi, akarudi na sabuni za harufu na hadithi za bandari, akakaa kidogo, akaondoka tena. Walikuwa wameoana miaka minane, na ukijumlisha siku walizokaa pamoja sijui kama zilifika miaka mitatu.

Siku moja ilikuja barua. Ililetwa na boti ya Nyamisati, bahasha ndefu yenye kidirisha cha plastiki, jina la mamdogo limepigwa mashine. Ilikuwa ya kampuni ya meli. Mamdogo alinivuta ndani, akafunga mlango.

"Nisomee weye," alisema. "Mambo ya mume wangu mie sitaki yafike shuleni."

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne tu. Ilianza kwa kutaja barua nyingine waliyoituma kabla, ambayo sisi hatukuiona. Halafu likaja jina lake, na mbele ya jina yakakaa maneno mawili: "the late Seif Mbwana". Baada ya hapo kulikuwa na neno la vitu vyake ambalo sikulijua, kisha maneno niliyoyajua vizuri, kwamba meli itakaporudi, vitaletwa na mwenzake wa kazini. Nikayaunga yale niliyoyajua, yale nisiyoyajua nikayaacha yapite. Nikamwambia mamdogo: Seif Mbwana amechelewa. Meli ikirudi atakuja, yeye na mwenzake.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa nasoma kuna kitu kilinikwaruza. Getini lile neno lilikuja nyuma, baada ya mtu kujitaja. Hapa lilikuwa limetangulia, limekaa mbele ya jina kama linavyokaa Mzee au Bwana. Niliona kabisa kwamba halijakaa mahali pake. Nikaliruka, kama unavyoruka dimbwi ukiwa umevaa viatu vipya.

"Una hakika?" mamdogo aliuliza. "Au tumpelekee mwalimu wako aitazame kidogo?"

"Mamdogo, hilo neno mimi napigiwa kila wiki," nikajibu, nimebenua midomo.

Akacheka, akanibusu utosini. Siku ile ile alitoa doti ya khanga mpya kutoka kwenye kasha lake, akaikata, kipande kimoja chake na kimoja changu, tutakachovaa siku ya kwenda kumpokea. Habari zikaenea kwamba nimesoma barua ya kampuni ya meli kutoka juu hadi chini. Tikisa Kisima likafa. Sasa niliitwa Bi Kizungu, na watu wazima walinibishia hodi na vikaratasi vyao mkononi. Sijawahi tena katika maisha yangu kutembea nimenyoosha shingo vile.

Ikapita kama mwezi na nusu. Mamdogo alibadilisha makuti upande uliokuwa unavuja, akapaka kuta chokaa, akafuga kuku wawili ambao hawakutakiwa kuguswa na mtu. Kila boti ilipoonekana alitoka uani akakinga jua kwa mkono.

Halafu siku moja darasani tulikuwa tunasoma hadithi kitabuni, ya watoto wa mfalme waliogombea ngoma ya baba yao. Mfalme huyo aliandikwa "the late king". Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akauliza, mwalimu, mfalme huyu alichelewa wapi? Darasa likaangua kicheko, hata mwalimu alicheka. Akaenda ubaoni akaandika neno lile kwa herufi kubwa. Akasema neno hili lina kazi nyingi. Mtu akichelewa shule ni hilo. Usiku ukiwa mwingi ni hilo. Na likitanguliwa na "the" na kukaa mbele ya mtu, basi mtu huyo ni marehemu.

Nakumbuka vumbi la chaki likishuka polepole kwenye mwanga wa dirisha. Nakumbuka kuwa wenzangu walikuwa bado wanacheka na mimi nilikuwa nimefungua mdomo nicheke nao, ukabaki wazi.

Njia nzima nilipanga namna ya kumwambia. Maji yalikuwa yamepwa, tulisukuma mtumbwi, na safari ile nililishukuru tope. Nilipofika, mamdogo alikuwa anatwanga, anaimba. Akanitupia jicho akasema nikaoge, nimekuwa kama kaa. Nikaenda kuoga. Nikajiambia nitamwambia kesho.

Kesho yake nikasema kesho. Nilijitungia sababu, na zote zilikuwa nzuri. Pengine mwalimu amekosea, maana naye si Mzungu. Pengine kampuni imekosea. Pengine meli itarudi na Seif mwenyewe atashuka, na mimi nitakuwa nimeua mtu wa watu kwa mdomo. Lakini iliyokuwa chini ya sababu hizo zote naijua, na niliijua siku ile ile: niliogopa kuchekwa. Niliwasikia watu kabisa, Tikisa Kisima amefanya tena. Mume wa mamdogo wangu alikuwa amekufa, na mimi nilikuwa nalinda jina la Bi Kizungu.

Siku ya tisa ilikuwa harusi ya jirani yetu mmoja, harusi ya mchana na ngoma yake. Asubuhi mamdogo, mikono ameshaipaka usiku, alikanda hina nyingine kwenye bakuli la bluu.

"Njoo unipake miguu, mwanangu," alisema. "Weye mkono wako mtulivu."

Unajua mwenyewe sheria ya eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hapaki hina, haendi kwenye ngoma. Nilikuwa nimesoma hayo chuoni na nilikuwa nayajua kwa moyo. Nikakamua ndimu. Nikauweka mguu wake mapajani kwangu, nikachukua njiti ya kiberiti, nikaanza kumchora, kutoka kifundoni nikateremka na ua kwa ua mpaka vidoleni. Mguu wake ulikuwa wa moto na ulikuwa mzito, mguu wa mtu aliyejilegeza kwa kumwamini anayemshika. Alikuwa anasema. Alisema Seif anapenda hina iliyokolea, na kwamba mara ya mwisho kabla ya kuondoka alikaa chini hapo hapo mkekani akayahesabu maua yaliyoko miguuni mwake.

"Meli yao sasa itakuwa imekaribia," alisema. "Au vipi, Bi Kizungu?"

"Imekaribia," nikasema.

Kosa la barua lilikuwa kosa la mtoto. Hili la pili lilikuwa uongo, na niliusema nikiwa na mguu wake mikononi. Mchana ule alicheza ngoma mpaka wanawake wakampisha katikati ya uwanja. Mimi nilikaa pembeni na ile khanga yangu nusu, watu wakidhani nina homa.

Siku mbili baadaye, jua likiwa utosini, akaja mtu na mfuko mkubwa wa bluu begani. Alikuwa Chande, wa Kiongoroni, aliyekuwa anafanya kazi meli moja na Seif. Mamdogo alimwona kwa mbali akatoka mbio, akampita, akachungulia mtoni kwenye mtumbwi uliomleta.

"Mwenzio yuko wapi, shemeji? Bado anateremsha mizigo?"

Chande alitua mfuko chini. Alikuwa anaitazama mikono ya mamdogo, jinsi ilivyoiva kwa hina.

"Shemeji," alisema taratibu, "mie nimekuja kukupa mkono wa pole."

"Pole ya nini?"

"Kampuni imeleta barua mbili. Hamkupata?"

"Tumepata moja." Mamdogo akanigeukia. "Iko kwenye kasha. Kailete, mwanangu."

Nikaileta. Chande akaisoma, akaweka kidole juu ya yale maneno mawili, akamwonyesha mtu asiyejua kusoma. Akasema hapa ndipo wanaposema marehemu. Akaeleza kwamba Seif aliugua ghafla bandari ya ng'ambo, na kwamba Waislamu wa huko walimsitiri vizuri. Aliyasema yote hayo ameinamisha kichwa. Mamdogo hakupiga kelele. Aliketi chini mchangani pale pale, akaniangalia.

"Hukujua, mwanangu," alisema.

Halikuwa swali. Lakini alinyamaza kidogo baada ya kulisema, na katika kimya kile palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kusema kweli. Nikatikisa kichwa, kwamba sikujua.

Maalim alikuja jioni kuhesabu. Eda huhesabiwa toka siku mtu alipofariki, alieleza, si toka siku habari ilipofika, na asiyejua hana dhambi. Kwa hesabu hiyo ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku nne.

"Mwezi mmoja?" mamdogo aliuliza. "Mume wa miaka minane, mie nimlilie mwezi mmoja?"

Maalim akasema ndiyo sheria, na ni nafuu kwake.

Asubuhi yake alianza kuitoa hina. Alisugua kwa majivu, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa ndimu, na kwa ndimu ndiyo kwanza ikakolea. Mimi nilimmiminia maji. Alisugua mpaka ngozi ya visigino ikachubuka, na maua yangu yakawa bado yapo, mekundu, moja baada ya jingine. Alikaa eda mikono imefichwa ndani ya khanga. Wanawake waliokuja kuhani msiba waliitazama ile khanga badala ya uso wake, kisha wakatoka na kusemezana njiani kwamba fulani alicheza ngoma mumewe yuko kaburini. Yalimfikia. Kwa kila aliyemjia alisema neno moja tu, mtoto hakujua. Na alipomsikia mtu akiniita Tikisa Kisima alisema, kwa sauti yake ile kubwa, kwamba atakayerudia jina hilo asikanyage kwake. Watu wakaacha. Kwenye kucha hina ilibaki mpaka eda ikaisha.

Kwa miaka mingi nilijitetea moyoni. Nilijiambia kwamba nilimpa siku kumi na moja za furaha ambazo asingezipata. Hata nilianza kuona kwamba nilimfanyia wema.

Baadaye mamdogo aliolewa tena, na mkulima wa mpunga wa Chumbi, mtu mpole, wakakaa pamoja mpaka naye akatangulia. Nilikwenda kukaa naye kwenye eda. Nilimkuta ameweka kikapu kidogo mvunguni, na kila jioni anatia punje moja ya mahindi. Nikamwuliza ya nini, na tarehe zipo kwenye simu. Akasema anapenda kuzishika. Siku ya mwisho alikimimina kikapu mkekani, akazihesabu zote, akaniangalia kwa uso uliotulia.

"Safari hii nimekaa zote," alisema.

Nikatoka nje nikajifanya natafuta ufagio. Ndipo nilipoelewa kwamba zile siku kumi na moja hazikuwa zangu za kumpa mtu. Zilikuwa zake, za kumlilia Seif, na alikuwa nazo chache sana, na mimi nilimchukulia nyingine huku namchora maua.

Sasa anaishi kwangu hapa Kibiti. Macho yamepata ukungu, na hospitali wamempa karatasi ya kwenda kupasuliwa. Ile Alhamisi alasiri, harufu ya hina ikiwa bado imejaa dukani, aliileta karatasi hiyo akiwa anapapasa kaunta. Binti yangu, aliye kidato cha pili, akanyoosha mkono kuipokea, amsomee bibi yake.

"Mpe mama yako," mamdogo alimwambia. "Alikosea mara moja, utotoni, kwa kutojua. Toka hapo huyu hajanificha kitu."

Nikavaa miwani. Nikamsomea kila neno, jina lake, jicho la kushoto, siku ya kwenda, asile kitu asubuhi hiyo, mpaka chini kwenye muhuri. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono wake juu ya mkono wangu.

"Hakuna kingine?" aliuliza.

"Hakuna kingine, mamdogo," nikasema.